Swali la lugha: Joistiki "inarejesha nguvu", "inatetema" au "inasukuma mkono"?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nina duka dogo la kompyuta karibu na Makoroboi, hapa Mwanza. Siku hizi wapo wateja wanaorusha ndege kwenye kompyuta zao nyumbani, nao wananiulizia joistiki, yaani mpini wa kurushia, yenye mota ndani, ile inayomfanya mtu ahisi mkononi jinsi ndege inavyokwenda. Nimetaka kubandika maelezo ya Kiswahili kwenye rafu, nikakwama. Mimi niliandika 'joistiki ya mrejesho wa nguvu'. Kaka yangu, ambaye ni mwalimu wa fizikia, anataka niandike 'kani rejeshi'. Fundi wangu anasema watu wataelewa upesi nikiandika 'joistiki inayotetema'. Mzee mmoja mteja wangu yeye anasema niachane na joistiki kabisa, niandike 'usukani'. Zaidi ya hayo, tangazo moja nililoletewa limeandikwa 'simulizi ya ndege', na linanitia shaka. Ni lipi sahihi?"

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nimeona kwamba majina hayo uliyopewa hayagombanii kitu kimoja. Kila moja limeshika kitu chake, ila vitu vyenyewe vinafanana sura na vinakaa rafu moja, ndiyo maana vinachanganywa. Kabla ya kutafuta nomino, basi, tutafute kitenzi: mtu akiishika joistiki hiyo na kuanza kurusha ndege, joistiki inafanya nini mkononi mwake? Kitenzi kikipatikana, jina litakuja lenyewe, na mteja wako hatatoka dukani na kitu asichokikusudia.

Tuanze na joistiki ya kawaida, ya bei nafuu. Ndani yake mna springi. Ukiisukuma mbele springi inakinza, na ukiiachia inarudi katikati. Ukinzani huo haubadiliki kwa sababu ya ndege: hata kama kwenye kioo ndege imeegeshwa au inashuka kwa kasi ya kutisha, mkono unakutana na uzito uleule. Kitenzi chake ni "kurudi", na maelezo yake yatoshe kuwa "inarudi yenyewe katikati". Usiandike "inajirudi", kwa kuwa anayejirudi ni mtu aliyetambua kosa lake akaacha mwenendo wake. Wala usiandike "inamrudi mtumiaji", maana kumrudi mtu ni kumwadibisha, kama mzazi anavyomrudi mtoto.

Ni hapa ambapo sina budi kutokubaliana na kaka yako, ingawa neno lake ni zuri na nusu yake nitalichukua. Mtu wa fizikia akisikia "kani rejeshi" ataelewa kani inayokirejesha kitu mahali pake kilipokuwa kimetulia, na hiyo hasa ndiyo kazi ya springi. Ukibandika jina hilo kwenye joistiki yenye mota, utakuwa umeisifu joistiki ya bei kubwa kwa sifa ambayo ile ya bei ndogo inayo tayari.

La fundi wako nalo lina mahali pake. Zipo joistiki, na padi nyingi za gemu, zenye mota ndogo iliyofungwa kipande cha chuma upande mmoja. Mota ikizunguka, chuma hicho kinaitupa huku na huku, na mpini wote unatetema. Mtetemo huo unaweza kubeba habari ya kweli. Katika Dash 8 Q400, aina ya ndege ambayo watu wa Mwanza wameipanda mara nyingi na Air Tanzania, umewekwa mtambo unaoutetemesha usukani mkononi mwa rubani ili kumwonya kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege. Lakini mkono unaotetemeshwa hausukumwi upande wowote. Mtetemo unasema "angalia". Hausemi hewa inasukuma kutoka wapi wala kwa uzito gani. Kwa hiyo "joistiki inayotetema" ni jina sahihi la joistiki inayotetema, na litakuwa kosa likipewa ile wanayoiulizia wateja wako.

Hiyo wanayoitaka ina mota mbili za nguvu, moja kwa mwendo wa mbele na nyuma, nyingine kwa mwendo wa kushoto na kulia. Programu ya urushaji inakokotoa, mara nyingi ndani ya sekunde moja, jinsi hewa inavyoyabana mabawa na mkia wa ndege, kisha inaziamuru mota ziusukume mpini kwa kiasi hicho. Kasi ikipanda mpini unakuwa mgumu, na kasi ikishuka mno unalegea, mpaka rubani anajua kwa kiganja, kabla hajatazama saa ya mwendo, kwamba ndege imechoka.

Sisi wa kandokando ya ziwa tunalijua jambo hili, ila hatujalipa jina la dukani. Nilipata kukaa nyuma ya mashua ya injini, ng'ambo ya Mwaloni Kirumba, na nahodha akanipa mkono wa injini niushike. Maji yalipokuwa shwari mkono ulikaa kama umelala. Tulipotoka nje ya mawe na wimbi likatukuta ubavuni, ulianza kunisukuma kifuani, ukaacha, ukasukuma tena, nami nikitaka kuushinda. Nahodha akaniambia niusikilize kwanza. Alisema kusikiliza, na kweli kulikuwa na cha kusikiliza: maji yalikuwa yanapita kwenye chuma na kuleta habari zake kiganjani. Ndege ndogo kama Cessna 172 iko vivyo hivyo, kwa kuwa usukani wake umeunganishwa na vibawa vya mkia kwa nyaya za chuma, na hewa inayovisukuma vibawa hivyo inamfikia rubani mkononi.

Sasa tupime maneno. Katika jina lako la "mrejesho wa nguvu", neno la kwanza nalipokea bila wasiwasi. Kutokana na "rejea" tunapata "rejesha", na kutokana na "rejesha" tunapata "mrejesho", yaani kinacholetwa kwa aliyetuma; ndiyo maana maofisini watu wanaombwa watoe mrejesho wa semina au wa huduma. Halichanganyiki na "marejeo", ambayo wasomi wanayaweka mwishoni mwa tasnifu, na ambayo wahenga waliyataja waliposema hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Rubani ametuma amri kwa mkono. Ndege inamletea majibu kwa mkono uleule. Huo ni mrejesho.

Shida iko kwenye "nguvu". Neno hili limebeba mizigo mingi: nguvu za mwili, nguvu za umeme, nguvu za kiume, nguvu za dola. Mtu akisoma "mrejesho wa nguvu" akiwa nje ya duka la kompyuta, anaweza kudhani ni dawa ya mgonjwa aliyedhoofu. Hapo ndipo ninapochukua nusu ya neno la kaka yako. Vitabu vya sayansi vya shule ya msingi vimetuzoesha "kani" kwa maana ya msukumo au mvuto unaoweza kupimwa: kani ya msuguano, kani ya uvutano, na "kanieneo", ambayo ni kani iliyotandazwa kwenye eneo. Mtoto wa darasa la sita analijua. Pendekezo langu la maandishi rasmi, basi, ni "joistiki yenye mrejesho wa kani", na kwa mazungumzo ya kaunta ni "joistiki inayosukuma mkono". Hilo la pili mimi nalipenda zaidi, kwa sababu mteja akilisikia anaweza kulijaribu papo hapo: ashike, ahisi, aamue.

Kuhusu "usukani" mzee wako ana hoja nzito. Neno hili limetoka kwenye Kiarabu, na tangu mwanzo lilikuwa la chombo cha majini, kile kibao cha nyuma kinachokigeuza. Kisha likapanda gari, kisha ndege. Mwenzake "rubani" amepita njia hiyohiyo: alikuwa mwongozaji wa chombo majini kabla hatujamkabidhi anga. Kwa hiyo si kosa hata kidogo kusema rubani ameshika usukani. Lakini wewe unauza, na dukani neno lazima litenganishe. Mteja akisikia "usukani" atafikiri lile gurudumu la gemu za magari, ambalo nalo lipo lenye mota. Liache "usukani" kwa umbo la gurudumu au la pembe mbili kama lilivyo kwenye Cessna, na "joistiki" ibaki kwa mpini mmoja unaosimama. Wako watakaokushauri "wenzo", na kwa maana ya chombo cha kunyanyulia ni neno safi, lakini wingi wake ni "nyenzo", na nyenzo siku hizi ni vifaa na mahitaji ya kazi yoyote. "Nyenzo za ndege" kwenye rafu haitamwongoza mtu.

"Simulizi ya ndege" liondoe leo. Simulizi ni hadithi inayosimuliwa, na aliyeandika hivyo amevutwa na sauti ya neno la Kiingereza "simulation" akadhani amelikuta la Kiswahili. Kinachofanyika nyumbani kwa wateja wako ni kuiga, kwa hiyo sema "uigaji wa urushaji ndege". Na mtambo wenyewe, kama unapenda neno la kukopa ambalo watu wa mafunzo wanalitumia, uite "simuleta".

Umeuliza maneno tu, lakini kwa kuwa maelezo yako yatamsaidia mtu kuchagua, kuna mambo ambayo maelezo hayo yasiyafiche. La kwanza ni aina ya ndege anayoirusha. Airbus A320, na pia A220 ambazo Air Tanzania inazo, zina mpini mdogo pembeni mwa rubani, na ule wa A320 una springi tu. Hewa haimfikii rubani mkononi kabisa. Anayerusha A320 nyumbani kwa joistiki ya springi hakosi kitu, na kumuuzia mota kwa ajili ya ndege hiyo ni kumpunguzia fedha zake bure. Anayerusha Cessna, helikopta au ndege za kivita za zamani ndiye atakayefaidi, hasa kwenye jambo moja linaloitwa trimu. Katika Cessna halisi rubani anauvuta usukani mpaka pua ya ndege inakaa anapotaka, kisha anazungusha gurudumu la trimu mpaka uzito mkononi unaisha, na usukani unabaki palepale alipouweka. Joistiki ya springi haiwezi hilo, kwa kuwa katikati yake ni moja siku zote. Mtu analazimika kuirudisha kidogo kidogo huku akizungusha trimu, na pua ya ndege inapanda na kushuka wakati wote huo. Yenye mota inahamisha katikati yake. Kama una nafasi ya sentensi moja tu kwenye kibandiko, andika hiyo.

La pili ni kipimo. Wauzaji wa nje wanaandika nyutoni-mita, na kipimo hicho ni cha nguvu ya kuzungusha kwenye mzizi wa mpini, ambayo si uzito anaouhisi mtu kiganjani. Chukua mota ya nyutoni-mita 9: kiganja kikiwa sentimita 20 juu ya mzizi, msukumo ni nyutoni 45, sawa na kubeba kilo 4 na nusu za unga na zaidi kidogo. Ukirefusha mpini ufike sentimita 40, msukumo unabaki nusu. Kwa hiyo andika kipimo pamoja na urefu wa mpini, na mwambie mteja kwamba joistiki ya namna hii lazima ifungwe kwenye meza nzito, la sivyo itaisukuma meza.

La tatu ni programu. Joistiki inasukuma pale tu programu inapoiamuru. DCS World, ambayo ni ya kurusha ndege za kivita, inafanya hivyo bila kuongezewa kitu, lakini baadhi ya programu nyingine zinahitaji kuongezewa programu ndogo pembeni, na mteja aulizwe anatumia ipi kabla hajalipa. Atakayekuletea Microsoft SideWinder Force Feedback 2 ya mtumba, ambayo haitengenezwi tena, ashike mpini vizuri anapoijaribu: ina kihisio kwenye mpini, na mota hazisukumi mpaka mkono uwepo. Isiyosukuma ikiwa mezani peke yake huenda ni nzima kabisa.

Upatanisho wa sarufi ni mwepesi. Joistiki iko katika ngeli ya I-ZI: joistiki hii inasukuma, joistiki hizi zinasukuma, "majoistiki" hatulihitaji. Usukani huu, sukani hizi. Rubani ni kiumbe hai, kwa hiyo rubani huyu anarusha, marubani hawa wanarusha.

Kibandiko chako ningekiandika hivi:

"Joistiki yenye mrejesho wa kani. Inausukuma mkono kadiri hewa inavyoisukuma ndege, na katikati yake inahama unapozungusha trimu. Inafaa kwa ndege ndogo na helikopta. Kwa A320, tafadhali tazama rafu ya chini: zile zinazorudi katikati kwa springi."