Kumhamishia kangaja kwenye tangi kubwa lenye wenyeji

Kangaja wa buluu mwenye uso mweusi (Acanthurus leucosternon) ni samaki wa bahari yetu hii ya Hindi, na ni mkali. Ukimtoa tangi dogo kumpeleka kwenye tangi la pamoja, hatari kubwa ni mapigano ya siku za mwanzo, halafu ugonjwa wa vipele vyeupe unaomvamia akiwa amechoka na mwenye majeraha.

Tangi liwe walau la sentimita 150 kwa 60 kwa 60, yaani lita 540 kabla ya kuweka mawe, kwa sababu huyu huogelea mchana kutwa. Amonia na naitraiti, sumu zitokanazo na uchafu wa samaki, zisome sifuri. Humo asiwemo kangaja mwingine: humwandama zaidi anayefanana naye kwa umbo na rangi. Samaki wapole watangulie, yeye aingie mwisho.

Kwa wanaochota maji baharini hapa Mtwara na Lindi, chota maji yakiwa yamejaa, upande unaotazama bahari kuu, mbali na bandari. Msimu wa mvua pima kila dumu. Mto Lukuledi huingiza maji yasiyo na chumvi na tope kwenye ghuba ya Lindi, na maji yanayoonekana safi yanaweza kuwa yamepungua chumvi. Haidromita, yaani kipimo cha chumvi, isome 1.025, joto nyuzi 26, na tofauti kati ya matangi mawili isizidi 0.001. Ikibidi kuwe na tofauti, afadhali aende kwenye chumvi pungufu kidogo; chumvi ikipanda ghafla humuumiza zaidi.

Usimkamate kwa wavu. Ana mwiba mkali kama wembe kwenye shina la mkia, hunasa kwenye nyuzi, na kumnasua humchubua ngozi. Msukume taratibu aingie kwenye chombo cha plastiki kilichozamishwa, kisha umwinue pamoja na maji. Mikono iwe mbali na mkia.

Sasa hatua inayorukwa na wengi, nasi tunaisisitiza kuliko zote. Chukua boksi la plastiki linaloonyesha, la lita 10 hivi, litoboe matundu ya milimita 6 pande zote, ulitundike ndani ya tangi kubwa na kangaja akiwamo. Wenyeji watamwona, watagonga boksi, watanyoosha mapezi, lakini hawatamfikia. Mlishe humo humo. Kwa kawaida siku tatu hadi saba zinatosha. Kipimo ni wenyeji kuacha kumjali na yeye kula vizuri. Siku ya kumfungulia, badilisha mpangilio wa mawe ili mipaka ya zamani ivurugike, zima taa, ndipo umwachie.

Asubuhi bana mwani laini wa kijani kwenye ncha mbili za tangi. Ukiuweka sehemu moja, mbabe atauhodhi.

Akiwa ametoka baharini au dukani, karantini ya wiki nne, yaani kumtenga kwenye tangi lake peke yake, ni lazima kwanza. Dawa ya shaba ya kutibu vipele itumike kwenye tangi la karantini tu, maana huua kamba, konokono na matumbawe.

Ukimkuta kajibanza nyuma ya pampu, anahema haraka na mapezi yamechanika, mrudishe kwenye boksi siku hiyo hiyo. Kama mchokozi ni mwenyeji mmoja, mtoe yeye kwa wiki nzima, mgeni abaki. Akirejea ndiye atakayekuwa mgeni.