Barua za Mwezi wa Nne

Nilifika Columbus, Ohio, nchini Marekani, mwezi wa Novemba 2015 nikitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, pamoja na mke wangu na watoto wanne. Uwanja wa ndege tulipokewa kwa shangwe, na kwa wiki mbili nyumba haikukaukiwa wageni; Wakongo wenzetu walileta mboga ya fumbwa na samaki, waumini wa kanisa moja walileta makoti, hadi kabati likawa na makoti mengi kuliko watu wa kuyavaa. Ilipofika Februari hakuna aliyebisha hodi tena, na hapo ndipo ugeni wetu ulipoanza hasa.

Kwa utaratibu uliotuleta, mkimbizi alihudumiwa na shirika la mapokezi kwa siku 90 za mwanzo. Katika muda huo alitafutiwa nyumba, aliombewa kadi ya hifadhi ya jamii, watoto waliandikishwa shuleni, na mtu mzima alisaidiwa kupata kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nasi jembe tulipewa: mimi nilianza kazi ya usiku katika ghala la kupakia mizigo. Jambo ambalo hatukuonyeshwa ni mipaka ya shamba lenyewe, nayo katika nchi hii huchorwa kwa barua.

Kambini barua ilikuwa tukio kubwa. Hapa sanduku hujaa kila siku, na karatasi ya tangazo la pitsa hulala juu ya karatasi inayoweza kukusitishia bima. Mwezi wetu wa tano hapa nilitupa bahasha moja nikidhani ni biashara ya watu, kumbe ilikuwa fomu ya kuhuisha msaada wa chakula, ule ambao wengi wetu huuita fudistempu. Kadi ya msaada huo ilikataa dukani mbele ya foleni ndefu, nikarudisha mchele na mafuta rafuni kimoja kimoja, mwanangu wa kwanza akiwa ameshika mkokoteni na kutazama chini. Masharti ya msaada huo yamebadilika sana tangu wakati ule, lakini bahasha hazijapungua.

Baada ya miezi sita hivi tangu tufike ilikuja nyingine, ya deni la nauli ya ndege. Sisi tuliosafirishwa kwa mkopo kupitia Shirika la Kimataifa la Uhamiaji tulitia saini kabla ya kuondoka kwamba tungeurudisha kidogo kidogo, bila riba. Wengi walisahau, wengine waliona ni utapeli wakaacha kulipa, ilhali malipo hayo yakifanywa kwa wakati ndiyo humjengea mgeni rekodi ya mikopo ambayo mwenye nyumba ataiulizia baadaye. Kisha kuna wajibu wa kuiarifu idara ya uhamiaji ndani ya siku 10 kila unapohama, na ule wa kuomba grini kadi, yaani kibali cha ukazi wa kudumu, ukishatimiza mwaka mmoja.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa jumuiya zetu, ziwe za msikiti, kanisa au watu wa kijiji kimoja, ni kwamba zipunguze makoti ya wiki ya kwanza na kuweka akiba ya nguvu kwa mwezi wa nne tangu mgeni afike na kuendelea. Tangu Januari 2025, mpango wa kupokea wakimbizi uliposimamishwa, mashirika mengi yamepunguza wafanyakazi, na watu waliofika kabla ya hapo bado wanapokea barua. Sisi tumeanzisha meza ya Jumamosi katika chumba cha nyuma cha kanisa: kila mtu huja na bahasha zake zote, hata za matangazo, na mwenyeji mmoja huzisoma pamoja naye. Nasema pamoja naye, kwa sababu mwanzoni tulikuwa tukiwajazia watu fomu na kuwarudishia, na mwaka uliofuata walirudi na fomu ileile wakiwa hawajajua lolote.

Watoto tumewakataza kukaa kwenye meza hiyo kama wakalimani. Najua mtoto wa miaka kumi hujua Kiingereza kuliko baba yake ndani ya miezi michache, na inarahisisha mambo, lakini mtoto anayemsomea baba notisi ya kufukuzwa nyumbani amebebeshwa mzigo usio wa umri wake. Hospitalini ni hatari zaidi. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ndiyo msingi wa wajibu wa hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo, basi mfundisheni mgeni sentensi moja tu ya Kiingereza, ile ya kumwomba. Mfundisheni pia kusema kwamba hajaelewa. Mama mmoja wa Fizi, mashariki mwa Kongo, ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kibembe, alijibu “ndiyo” kwa kila swali la mkalimani aliyezungumza Kiswahili cha Dar es Salaam kwa kasi, akiona aibu kumkatiza mtu aliyesoma.

Atakayeanzisha meza kama hii anahitaji vitu vichache: kalenda kubwa ya ukutani, mashine ya kutolea nakala, kalamu nyekundu. Tarehe huandikwa hapa kwa kuanza na mwezi, hivyo 5/6 si tarehe tano Juni bali tarehe sita Mei. Iandikeni upya kwa maneno. Saa nazo mziandike kwa namna zote mbili. Miadi yangu ya kwanza ya daktari wa meno ilikuwa 8:00, nami nikafika saa nane mchana, nimevaa tai, wakati waliningoja tangu saa mbili asubuhi.