Kabla ya Kufuta Fonti Zilizokuja na Programu ya Wavuti

Anayefungasha programu ya wavuti kuwa kifurushi cha Debian, mfumo huru wa uendeshaji, hukutana mapema na saraka iliyojaa fonti: Font Awesome ya alama, Lato au Open Sans ya maandishi, pengine na DejaVu, tena katika miundo ya ttf, woff, woff2 na hata eot iliyosalia tangu enzi za Internet Explorer. Lintian, chombo cha kukagua vifurushi, hulalamika papo hapo, na mfungashaji mgeni hukimbilia kuzifuta zote na kuweka viungo vya faili (symlink) vinavyoelekea kwenye fonti za mfumo. Ushauri wangu ni kwamba ujiulize kwanza ni nani anayeisoma kila fonti.

Inayosomwa na kivinjari haina ugumu mkubwa. Kifanye kifurushi chako kitegemee fonts-lato au fonts-font-awesome, kisha uandike viungo katika debian/links. Linganisha matoleo, lakini, kwa sababu kati ya Font Awesome 4 na 5 majina ya alama nyingi yalibadilika pamoja na madaraja yake ya CSS. Kifurushi kitajengwa bila kosa lolote, halafu mtumiaji aone visanduku vitupu mahali pa vitufe. Mimi hufungua ukurasa wenye alama nyingi kuliko zote na kuukagua kwa macho.

Mitego iko kwenye fonti zinazosomwa na seva. Programu ya PHP inayotengeneza PDF au picha za captcha huifungua ttf yenyewe, na pale ambapo open_basedir, mpangilio unaoizuia PHP kufungua faili nje ya saraka zilizotajwa, imewekwa, PHP hukifuata kiungo hadi mwisho wake na kukataa faili lolote lililo nje ya saraka zilizoruhusiwa, hata kama kiungo chenyewe kimo ndani. Ongeza /usr/share/fonts katika usanidi huo. Dompdf, maktaba ya PHP ya kutengeneza PDF, nayo huhifadhi vipimo vya herufi, kwa hiyo hifadhi hiyo ielekezwe chini ya /var/cache, kwani /usr si mahali pa programu kuandika wakati inapofanya kazi.

Ikiwa toleo lako la awali lilisakinisha fonti katika saraka halisi, dpkg, chombo cha Debian cha kusakinisha vifurushi, haitaigeuza saraka hiyo kuwa kiungo wakati wa kuboresha. Tumia amri ya dir_to_symlink ya dpkg-maintscript-helper, inayofanya mageuzi hayo. Kasoro hii haionekani kamwe kwenye mashine mpya, ndiyo maana majaribio ya usakinishaji wa mara ya kwanza peke yake hayatoshi.

Kuhusu leseni, SIL Open Font License 1.1 inaruhusu fonti kusambazwa pamoja na programu, ila iliyopunguzwa herufi huhesabiwa kuwa imebadilishwa, na haiwezi kubaki na jina ambalo mwenyewe amelihifadhi. Fonti isiyo na leseni huru mimi huiondoa kwenye chanzo kwa sehemu ya Files-Excluded katika debian/copyright, nikaongeza +dfsg kwenye namba ya toleo kuonyesha kwamba chanzo kimeondolewa visivyo huru, na kuiachia CSS itumie sans-serif.