Anza na mrenda, si na mkutano

Pole sana dadangu. Umesema tangu mama yenu afariki hapo Kakamega mwaka jana nyinyi ndugu mkikutana Nakuru kila mtu anabeba sahani yake anaenda kukaa na simu, na unauliza utawarudisha aje kwa meza moja.

Mimi kwa maoni yangu usiite kikao cha familia, watu watakuja wakiwa wamejikaza. Waite wapike. Nunua mrenda, ile mboga ya kienyeji ya kuteleza, na majani ya kunde, usiyachambue, mwaga kwa uteo uweke katikati, uone kama mtu atakaa tu hivyo akiangalia, mikono ikishaanza kuchambua mdomo nao unafunguka wenyewe na hapo ndio hadithi za mama zitatoka.

Tafuta mtu anajua kutengeneza munyu, ile chumvi ya kienyeji ya kuchoma maganda ya maharagwe halafu unachuja maji kwa jivu, hiyo ndio inalainisha mboga, na hao watoto wa town hawajawahi kuona. Kama ni shangazi yenu anajua, wacha awafunze yeye mwenyewe, usimpokonye mwiko hata akichelewa!

Kuku nayo mnajua mambo ya firigisi, kwetu ni ya mzee wa boma. Sasa kwa vile baba pia hayuko, kubalianeni mapema itaenda kwa nani, kwa sababu nimeona ndugu wakinuniana miezi juu ya hiyo tu. Sisi tulimpea dada yetu mkubwa, akalia.

Ugali wekeni kwa sinia moja.