Kuonja divai na jibini mpya: weka mbili mezani, si moja

Mtu akianza kupenda divai na jibini, kwa kawaida hukusanya majina. Leo chupa hii, wiki ijayo ile, na baada ya chupa 40 bado hawezi kueleza kwa nini ya tatu ilimpendeza kuliko ya kumi. Ulimi wake hauna kasoro. Kila chupa ilionjwa peke yake, na ladha iliyoonjwa peke yake husahaulika upesi. Ukiweka glasi mbili zinazotofautiana kwa jambo moja tu, jambo hilo hujitokeza hata kwa mtu ambaye hajawahi kuonja divai kwa makini.

Kwa hiyo nunua kwa jozi. Sauvignon Blanc ya Sancerre, katika bonde la Loire nchini Ufaransa, kando ya Sauvignon Blanc ya Marlborough, Nyuzilandi: zabibu ni ileile, lakini ya kwanza mara nyingi ni tulivu, yenye uchachu wa limau na harufu kama ya jiwe lililoloa, na ya pili hupaza sauti kwa harufu ya pasheni na nyasi zilizokatwa sasa hivi. Au Chardonnay, zabibu nyeupe, ya Chablis nchini Ufaransa ambayo haikupita kwenye pipa jipya, kando ya Chardonnay iliyokomaa ndani ya mapipa mapya ya mwaloni. Vanila, mkate uliokaushwa na moshi mwepesi utakaoupata kwenye ya pili vimetoka kwenye mbao, na ukishavijua hapo hutavikosa tena popote. Kwa jibini, chukua Gouda changa na Gouda ya mwaka mmoja na nusu. Changa huteleza na ina ladha ya maziwa. Kongwe hukatika vipandevipande, ina utamu wa karameli na chembe ndogo zinazovunjika chini ya jino.

Mazoezi ya bei ndogo kabla ya chupa ya bei kubwa

Maneno matatu huwachanganya wengi: uchachu, uchungu na ukakasi. Yatenganishe kwa chai na limau, siku moja kabla ya kufungua chupa yoyote.

Tengeneza vikombe vitatu vya chai ya rangi, pakiti moja kila kikombe, bila sukari. Kimoja kiache dakika 2, cha pili dakika 6, cha tatu dakika 15. Toa pakiti, acha vyote vipoe kabisa, kisha shika funda la kila kimoja mdomoni kwa sekunde 10. Kwenye kikombe cha tatu ufizi utakauka na ulimi utakwaruza kwenye kaakaa, kama vile umetafuna tunda ambalo halijaiva. Huo ni ukakasi. Unaletwa na tanini, ambazo hushikamana na protini za mate na kuyanyang'anya utelezi wake. Uchungu ni kitu kingine: ni ladha. Kikombe hicho kina vyote viwili, ndiyo maana kinafundisha vizuri. Divai nyekundu hupata tanini zake kwenye maganda na mbegu za zabibu, na nyingine kutoka kwenye pipa.

Sasa uchachu. Weka kijiko kimoja cha chai cha maji ya limau kwenye glasi ya maji ya mililita 200. Onja, teme, na angalia mate yanavyojaa pembeni mwa ulimi. Kadiri yanavyojaa ndivyo uchachu ulivyo mkubwa. Ongeza vijiko viwili vya sukari kwenye glasi hiyohiyo na uonje tena. Asidi haikupungua hata tone, lakini mdomo utasema kinywaji kimekuwa laini. Ndiyo sababu Riesling, divai nyeupe ya Ujerumani, inaweza kuwa na makumi ya gramu za sukari kwa lita na bado isichoshe. Ukitaka kujua uchachu halisi wa divai tamu, acha kuusikiliza utamu, yasikilize mate.

Meza

Divai tatu hadi tano zinatosha. Mimina mililita 50 kwa mtu. Chupa ya mililita 750 inatoa vipimo 15. Glasi ziwe za umbo moja zote, zenye tumbo pana na mdomo uliojikunja ndani kidogo. Glasi ya kuonjea iliyowekwa kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 3591 ina ujazo wa mililita 215 tu, kwa hiyo usidhani unahitaji glasi kubwa kama bakuli. Ukichanganya maumbo, utakuwa unalinganisha glasi badala ya divai. Zinuse zikiwa tupu kabla ya kumimina: kabati lenye vumbi na kitambaa chenye sabuni huacha harufu ambayo baadaye divai italaumiwa bure.

Joto huharibu kuliko kitu kingine chochote. Divai yenye mapovu iwe nyuzi 6 hadi 10 za Selsiasi, nyeupe nyepesi 7 hadi 10, nyeupe nzito 10 hadi 13, nyekundu nyepesi karibu 13, nyekundu nzito 15 hadi 18. Ule usemi kwamba nyekundu inywewe kwa joto la chumba haufai ikiwa chumba kina nyuzi 26. Hapo pombe hupanda puani na kufunika matunda. Iweke kwenye friji dakika 20 hadi 30. Nyeupe iliyolala friji usiku kucha itoe dakika 15 kabla, kwa sababu baridi kali huilaza harufu. Ukiwa na haraka, tumbukiza chupa kwenye ndoo ya barafu iliyochanganywa na maji. Barafu peke yake hugusa chupa kwa nukta chache tu. Maji huizunguka pande zote.

Anza na yenye mapovu, kisha nyeupe kavu (isiyo tamu), ya rangi ya waridi, nyekundu nyepesi, nyekundu nzito, na mwisho ile tamu. Wanaoonja wasijipake manukato, wala wasipige mswaki chini ya saa moja kabla. Kati ya glasi, tumia maji na mkate usio na chumvi nyingi.

Weka chombo cha kutemea kwa kila mtu, na msione haya kukitumia. Divai 6 za asilimia 14, kwa mililita 50 kila moja, zina takriban gramu 33 za pombe, na uamuzi huanza kulegea mapema kabla hujafika ya sita. Asiyetema asiendeshe gari. Mjamzito aiache divai kabisa, na pia aache jibini laini zenye ganda la ukungu na jibini za maziwa mabichi, kwa sababu ya bakteria wa listeria.

Pua, kisha mdomo

Nusa kabla hujazungusha glasi, maana harufu nyepesi hutoroka kwanza. Zungusha, nusa tena mara mbili au tatu kwa pumzi fupi, kisha pumzisha pua. Pua ikichoka, nusa kiwiko chako mwenyewe. Ni harufu uliyoizoea, nayo huirudisha pua mahali pake.

Chukua funda dogo, kama mililita 10. Lizungushe lifike ufizi wote, vuta hewa kidogo kupitia midomo, likae sekunde 10, teme, halafu toa pumzi kwa pua. Hatua hiyo ya mwisho wengi huiruka, na ndiyo yenye mavuno makubwa: sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kutokea nyuma ya mdomo. Bana pua kwa vidole ukiwa na divai mdomoni na utabaki na uchachu, utamu, uchungu na ukakasi tu. Achia, na matunda yatarudi yote kwa mkupuo. Kisha hesabu ni sekunde ngapi ladha inabaki baada ya kutema. Divai ya kawaida hutoweka upesi. Nzuri bado inasema ukifika 15.

Andika kabla hujafungua mdomo. Mtu mmoja akisema "cheri", meza nzima itaanza kuona cheri. Andika jina, mwaka wa mavuno, asilimia ya pombe, halafu vitu unavyoweza kuvionyesha: ganda la chungwa, majani makavu, siagi. Neno kama "ya kifahari" halitakusaidia utakapolisoma mwaka ujao.

Divai mbovu si divai usiyoipenda

Harufu ya kadibodi iliyoloa au ghala lenye unyevu, pamoja na matunda yaliyonyamaza, ni ugonjwa wa kizibo. Unaletwa na kemikali iitwayo TCA, haina madhara kwa afya, lakini haiondoki. Kadiri glasi inavyokaa ndivyo inavyojulikana zaidi. Rudisha chupa dukani. Harufu ya tufaha lililokatwa likageuka kahawia, kwenye divai nyeupe changa, inaonyesha hewa iliingia. Siki na dawa ya kuondolea rangi ya kucha zinatokana na bakteria wanaogeuza pombe kuwa asidi; kidogo sana kinavumilika, kingi hapana. Yai viza au njiti ya kiberiti iliyotoka kuwashwa ni salfa, na hapo usiwe na pupa: zungusha glasi kwa nguvu, ngoja dakika 10, mara nyingi huisha. Vipande vinavyong'aa kama sukari chini ya chupa au kwenye kizibo ni chumvi za asidi ya tartari. Wengi huvidhania vigae vya glasi. Havina tatizo lolote.

Jibini mezani

Kadiria gramu 30 za kila aina kwa mtu, aina nne zinatosha. Ngumu itoke kwenye friji saa nzima kabla, laini dakika 30 hadi 45, zikiwa zimefunikwa zisikauke. Mafuta yaliyoganda kwa baridi hayaachii harufu, na Comté, jibini ngumu ya Ufaransa, iliyotoka friji sasa hivi haina tofauti kubwa na nta.

Kata kwa akili. Brie, jibini laini, huiva kutoka ganda kuelekea ndani, kwa hiyo anayekata ile ncha ya kipande amewanyima wenzake moyo wake. Kata kwa urefu, kila mtu apate kuanzia kati mpaka ganda. Parmigiano Reggiano, jibini ngumu ya Italia, usiikate vipande laini. Chomeka ncha ya kisu na uibanjue ivunjike yenyewe. Chembe nyeupe ndani yake ni asidi ya amino, tairosini, inayojitenga jibini inapokomaa, na kwa jibini hiyo ukomavu hauwi chini ya miezi 12. Kila jibini iwe na kisu chake, hasa ya ukungu wa buluu, ambayo huhamia kwa jirani bila kukaribishwa.

Ganda jeupe la Camembert na ganda la rangi ya chungwa la Munster huliwa. Nta ya Gouda hailiwi. Camembert ikitoa harufu ya amonia, ifunue dakika 30. Harufu ikibaki na nyama yake imekuwa kahawia karibu na ganda, muda wake umepita. Ukungu uliojiotea kwenye jibini ngumu, kata sentimita 2.5 kuuzunguka na uendelee. Ukiota kwenye jibini mbichi laini, tupa yote.

Zikikutana

Fanya hivi kwanza. Onja divai nyekundu changa yenye ukakasi. Lamba kipande cha limau chenye chembe za chumvi, kisha onja divai ileile: imelainika, matunda yameongezeka. Suuza mdomo. Sasa weka sukari kidogo ulimini na uonje tena: imekuwa chachu, chungu, nyembamba. Hilo linaeleza kwa nini jibini yenye chumvi huipendeza divai, na kwa nini asali au jamu ya tini kwenye ubao wa jibini huiangusha divai kavu yoyote iliyo kando yake. Ukitaka asali, mimina divai tamu.

Utaratibu ni divai, jibini, halafu divai tena wakati mabaki ya jibini bado yako mdomoni. Jiulize swali moja: funda la pili limekuwa bora au baya kuliko la kwanza?

Ukijaribu hivyo kwa uaminifu utagundua kwamba divai nyeupe huelewana na jibini nyingi kuliko nyekundu. Cabernet Sauvignon changa, divai nyekundu nzito, pamoja na Camembert iliyoiva huacha ladha ya chuma na uchungu. Badilisha uweke Champagne na mapovu yatakata mafuta yote. Crottin de Chavignol, jibini ya mbuzi, na Sancerre zinatoka eneo moja na uchachu wao unalingana. Munster inanuka sana, na Gewürztraminer, divai nyeupe ya eneo la Alsace kama yenyewe, ina harufu ya waridi yenye nguvu ya kutosha kusimama mbele yake. Roquefort, jibini ya ukungu wa buluu ya maziwa ya kondoo, na Sauternes, divai tamu, ni chumvi dhidi ya sukari, na hakuna jozi inayomshawishi haraka zaidi mtu anayedai hapendi ukungu wa buluu. Nyekundu zako nzito zitunzie jibini ngumu: Manchego, Cheddar kongwe, Parmigiano.

Ukishazoea jozi, jipime. Mtu akumiminie glasi tatu ukiwa huoni chupa, mbili za divai moja na moja ya nyingine, nawe utaje ile ya pekee. Kwa kubahatisha utapata mara moja kati ya tatu, lakini kupatia mara tano mfululizo kwa bahati ni nafasi 1 kati ya 243.

Kinachobaki, kizibe na ukiweke friji, hata nyekundu. Hudumu siku 3 hadi 5, yenye mapovu siku 1 hadi 3 kwa kizibo maalumu cha kubana. Jibini zifunge kwa karatasi ya nta, si plastiki, maana kwenye plastiki hutoa jasho na kunuka. Nyekundu nzito uliyoifungua leo ionje tena kesho jioni ikiwa na joto lilelile, ukiwa umefunika ulichoandika jana.