Kaseti za kamera ya video kwenda kwenye kompyuta: maswali ya wasomaji

Nina kaseti za MiniDV za harusi na ubatizo wa mwaka 2003. Nikiunganisha kamera kwa waya wa USB, kompyuta inaonyesha picha mnato tu. Video zimekwenda wapi? (Msomaji, Tanga)

Video zipo kwenye utepe. Waya ndio si wake. Kwenye kamera nyingi za MiniDV, tundu la USB liliwekwa kwa ajili ya picha mnato zilizo kwenye kadi. Chache hutoa video kwa USB, lakini mara nyingi ni hafifu. Njia halisi ni tundu dogo lililoandikwa DV; kwa Sony limeandikwa i.LINK. Hilo ni FireWire (njia ya waya ya kupitishia video, pia huitwa 1394), lenye pini 4.

Kwa kompyuta ya mezani, tafuta kadi ya FireWire ya PCI Express (ya kuchomeka ndani ya kompyuta) na waya wenye pini 4 upande mmoja na pini 6 upande wa pili. Kuna viunganishi vya bei ndogo vinavyouzwa kama "FireWire kwenda USB". Msinunue. Vinabadilisha umbo la plagi tu, wakati lugha ya FireWire na ya USB ni mbili tofauti, na umeme ukipita pasipostahili unaweza kuunguza tundu la kamera. Likiungua, njia bora ya kutoa video hizo kwenye kamera hiyo imefungwa.

Zima kamera na kompyuta, chomeka waya, kisha washa vyote. Plagi ya pini 6 hubeba umeme, na ikiingizwa kinyume kwa nguvu huharibu. Tumia chaja ya ukutani badala ya betri, weka kamera kwenye VCR au PLAY, na sogeza kile kitufe kidogo cha kaseti kutoka REC kwenda SAVE ili usije ukarekodi juu ya harusi ya watu.

Kwenye Windows, programu ya bure ya WinDV inatosha kunasa, yaani kuingiza video kwenye kompyuta. Windows 10 au 11 isipoiona kamera, weka ile draiva ya zamani ya 1394 OHCI yenye neno "Legacy" ambayo Microsoft iliitoa kwa ajili hiyo, kisha ichague kwenye Device Manager (orodha ya vifaa ya Windows). Kwenye Mac, viunganishi vya Thunderbolt hufanya kazi mpaka macOS Sequoia. MacOS Tahoe ya 2025 imeondoa FireWire kabisa, kwa hiyo mwenye Mac ya zamani asiisasishe kabla hajamaliza kaseti zake. Watumiaji wa Linux wana programu ya dvgrab.

Kwa njia hii hakuna kinachopungua, kwa sababu MiniDV ni ya kidijitali tangu ilipotoka mwaka 1995 na kompyuta inapokea data ileile iliyo kwenye utepe. Hata tarehe na saa ya kila tukio zinakuja nayo, mradi saa ya kamera ilikuwa sahihi. Ukipitisha kaseti hiyohiyo kwa waya wa njano, nyekundu na nyeupe, tarehe hizo hazifiki kwenye faili na ubora unashuka. Kaseti ya dakika 60 inachukua dakika 60. Hakuna njia ya mkato.

Nanasa video moja kwa moja kwenye diski ya nje, lakini kila mara inakatika kabla ya nusu saa. Kamera ni nzima. (Msomaji, Mombasa)

Diski yako imeformatiwa FAT32, mfumo wa kupanga mafaili ambao haukubali faili moja kuzidi GB 4. DV (video ya MiniDV) inakula karibu MB 3.6 kwa sekunde, yaani takriban GB 13 kwa saa, kwa hiyo unagonga ukuta kwenye dakika ya 19 au 20. Hamisha vilivyomo, kisha iformati upya kuwa NTFS au exFAT.

Kaseti zetu ni Video8 na Hi8 za miaka ya tisini. Je, kuna kasha la kuziwezesha kuingia kwenye deki ya VHS? (Msomaji, Muscat)

Hakuna, na anayewauzia anawadanganya. Kasha lile ni la VHS-C, ambayo utepe wake ni wa VHS, wenye upana wa nusu inchi, ila umewekwa kwenye kaseti ndogo. Utepe wa Video8 na Hi8 una upana wa milimita 8, na hakuna deki ya VHS inayousoma.

Tafuteni kwanza kamera ya Sony ya Digital8. Baadhi yake, si zote, husoma kaseti za Hi8 na Video8, huzigeuza kuwa DV papo hapo na kuzitoa kwa FireWire. Someni kitabu cha kamera kabla ya kulipa. Nyingi kati ya hizo zina TBC ndani yake, kifaa kinachonyoosha mistari ya picha inayoyumba. Kiwasheni kwenye menyu.

Mkiikosa, tumieni kamera ya Hi8 yenye tundu la S-Video pamoja na kifaa cha kunasia cha USB. S-Video hutenganisha rangi na mwanga, wakati waya wa njano huvichanganya na kuleta vidoti vinavyotambaa kwenye kingo za vitu. S-Video haibebi sauti, kwa hiyo nyekundu na nyeupe lazima zichomekwe pia. Wekeni PAL (mfumo wa televisheni), 720 kwa 576, fremu 25, na mnase kwa programu ya VirtualDub mkitumia kodeki (njia ya kubana video) isiyopoteza kitu kama HuffYUV. Tengeni GB 30 hadi 40 kwa saa. Angalieni idadi ya fremu zilizodondoka. Ikipanda, sauti itaanza kuiacha picha, na kawaida sababu ni utepe unaoyumba au diski iliyo taratibu.

Dirishani mwa kaseti naona unga mweupe kwenye ukingo wa utepe. Niijaribu? (Msomaji, Unguja)

Usiijaribu. Huo ni ukungu, na hewa ya pwani yenye unyevu ndiyo inayoulea. Ukiicheza mara moja, unga unahamia kwenye vichwa vya kusomea, na kaseti salama utakayoweka baadaye inaambukizwa. Itenge kwenye mfuko pamoja na vifuko vya silica gel, na uvae barakoa unapoishika. Ukungu ukiwa umekauka, fundi mwenye mashine ya kusafishia utepe anaweza kuuokoa. Anayetaka kuusafisha kwa pamba na spiriti ataukunja au kuukwangua. Zile ambazo bado ni safi, zihamishe sasa. Kuvu haingoji.

Picha inajaa vigae vya mraba na sauti inakatikakatika. Je, kaseti imekufa? (Msomaji, Bukoba)

Mara nyingi haijafa. Ipeleke mpaka mwisho na uirudishe mwanzo bila kuicheza, ili mkazo wa utepe ulingane. Kisha tazama umbo la chenga. Vigae vikijipanga kwa mistari ya kulala, mmoja mzuri mmoja mbovu, kichwa kimoja kati ya viwili kimeziba. Weka kaseti ya kusafishia, ile kavu, icheze sekunde 10 tu. Usiirudie ovyo, maana inakwangua vichwa.

Ikiendelea, huenda ilirekodiwa kwa LP, mwendo unaobana dakika 90 kwenye kaseti ya 60. Njia za data hapo ni nyembamba, na kamera nyingine hushindwa kuzifuata. Tafuta kamera iliyoirekodi, au ya modeli hiyohiyo. Kisha nasa mara mbili au tatu: chenga hazitokei mahali pamoja kila safari, na programu ya bure ya dvrescue inaweza kuunganisha fremu nzima kutoka kila nakala.

Kaka alirekodi Minneapolis, kamera yangu niliinunua Nairobi. Haisomi kaseti zake. (Msomaji, Eldoret)

Mfumo wa televisheni wa Marekani ni NTSC, wa Kenya ni PAL, na kamera nyingi za MiniDV husoma mfumo mmoja tu. Kaka anase hukohuko kwa kamera yake, au akutumie kamera ya NTSC. Faili litakuwa 720 kwa 480, fremu 29.97. Usiligeuze kuwa PAL. Kompyuta inacheza zote mbili, na kugeuza kunaleta mtikisiko.

Nimemaliza kunasa, lakini watu wakicheza ngoma picha inaonyesha mistari kama meno ya kitana. (Msomaji, Dodoma)

Kila fremu ya kaseti ina nusu mbili za mistari, zilizopigwa kwa nyakati mbili tofauti. Televisheni ya zamani ilizionyesha kwa zamu. Kompyuta inazibandika pamoja. Fungua programu ya HandBrake, chagua kichujio cha Bwdif (cha kuondoa mistari hiyo) kwa mtindo wa Bob, upate fremu 50 kwa sekunde na mwendo laini. Weka H.264 (njia ya kubana video) yenye RF (kipimo cha ubora) 18 hadi 20, na uhakikishe picha inabaki 4 kwa 3 ili watu wasinenepe.

Nakala hiyo ndiyo ya kutuma WhatsApp. Faili la DV lenyewe usilifute hata kama ni kubwa, na usilichome kwenye DVD ya video, maana hapo linabanwa upya na kupoteza. Liweke kwenye diski mbili, moja ikae nyumba nyingine.