Hufutwi kazi, babangu

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma nikacheka peke yangu. Ati bosi wako Mhindi kakuandikia "Micchami Dukkadam, kama nimekukosea nisamehe" na wewe umekesha wafikiri ndio anakuaga. Tulia. Hiyo ni Samvatsari, siku ya mwisho ya Paryushan, sikukuu ya Majaini, wale Wahindi ambao dini yao hairuhusu kudhuru kiumbe chochote, hata yai hawali, na wajua nimepikia nyumba ya Majaini hapa Mombasa miaka 11.

Sikukuu yenyewe usidhani ni ya kula. Ni siku nane (wenzao wa dhehebu la Digambara hukaa kumi), huangukia mwezi wa nane au wa tisa, kule India ni wakati wa mvua, wadudu wamejaa njiani, basi watawa wao wanaotembea kwa miguu hutulia mahali pamoja miezi minne wasije wakawakanyaga, na watu wakapata nafasi ya kuwasikiliza. Na saumu yao sio kama yetu ya kungoja magharibi, wao jua likizama ndio kula kumeisha. Kuna anayekula mara moja kwa siku, kuna anayekaa zote nane kwa maji tu, tena ya kuchemsha, tena mchana peke yake. Mama wa ile nyumba alifunga hivyo mwaka mmoja, kazi yangu ikawa ni kuchemsha maji na kuyapoza kwenye sinia. Viazi, vitunguu, thomu havikuingia jikoni mwaka mzima manake ukingʼoa mzizi umeua mmea na vijidudu vyake, na siku hizo hata mboga za majani zilisimama, tukabaki na pojo na dengu.

Jioni ya mwisho walienda lile hekalu la Langoni, wanakaa masaa wakikumbuka makosa ya mwaka mzima na kuomba msamaha kwa kila chenye uhai, hata sisimizi. Hayo maneno, Micchami Dukkadam, maana yake mabaya niliyotenda yawe bure, yasizae kitu.

Sasa mwaka wangu wa kwanza mama akaja jikoni, mikono kaikutanisha, akayasema. Nikajua nafukuzwa, kama wewe. Nikamwambia mama mimi sina kinyongo. Hakuondoka. Akasema, "Ile siku ya bangili." Alisema nimeiba, ikaonekana nyuma ya kabati, na miezi mitano hakuna aliyeitaja tena. Pojo langu likaungua hapo hapo, sikujua hata nishike mwiko au nilie. Nikaona basi na mimi niseme langu, nikamwambia uliposafiri Nairobi nilikaanga yai kwenye karai lako.

Akanyamaza. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Kesho yake nikakuta karai jipya, lile la zamani akanipa nije nalo nyumbani, ndilo hilo unalokulia mahamri ukija.

Basi mjibu hivyo hivyo, Micchami Dukkadam, na kama kuna siku ulichelewa ukasingizia matatu, mwambie.

Mamako.